Nusu ya Pili ya Ukurasa

Saida mwanangu,

Siku ile amplifaya ilipokutupa matopeni pale harusini, mimi nilikuwa najua kwamba inauma watu kwa umeme, na nilijua kwa nini inauma. Nilijua tangu Alhamisi. Harusi ilikuwa Jumamosi. Sijamwambia mtu jambo hili, si Shangazi, si Baba mdogo, na hata kwenye sala nimekuwa nikilizunguka tu. Sasa nimeliandika, na utaona herufi zimelala kwa sababu naandikia juu ya goti.

Usiishie hapa. Soma mpaka chini kabisa. Ubaya wangu wote ulianza kwa kusoma nusu.

Umekwenda kuwaaga watu wa sokoni, na ninavyokujua hutarudi kabla ya magharibi. Nimekaa kwenye kitanda chako. Katoni la majarida liko miguuni pangu, begi lako limeshafungwa liko mlangoni. Kila nikisikia hatua uani naisukuma karatasi chini ya mto. Mara ya kwanza alikuwa Shangazi anatafuta ungo. Akaniuliza, "Mbona unatoka jasho na mvua ndiyo kwanza imekatika?" Nikamwambia nina homa. Yaani naongopa hata nikiwa katikati ya kuungama.

Habari za safari sitakuandikia. Shangazi ameshakwambia usinunue nyama za kwenye mishikaki dirishani, usilale na mlango wazi, usimjibu mtu anayekuita "sista", na kesho asubuhi atakwambia tena mpaka gari liondoke. Hayo yote anayajua yeye. Mimi nina hili moja.

Watu huwa wanacheka nikikuita mwanangu. "Zena, ulizaa ukiwa na miaka minne?" aliniuliza mwenye duka la sabuni, na wewe ukamjibu kwamba mimi nilikuwa na haraka. Lakini siku ya arobaini ya Mama, Shangazi alinifunga lesu ya Mama kiunoni mbele ya wanawake wote, akaushika mkono wako, akausukuma ndani ya mkono wangu, akasema, "Mtoto huyu ana mama." Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Mkono wako ulikuwa umelowa kamasi na machozi. Niliogopa siku ile, na sijaacha kuogopa tangu hapo. Naogopa maji yanayochemka ukiwa karibu. Naogopa boda boda, homa zako, ukimya wako. Tangu siku ile unaniita Mama ukitaka kitu na Zena ukikasirika. Ukimaliza kusoma barua hii sijui utaniita nani.

Wewe Bungoma, kule Kenya tulikoishi, unaikumbuka kidogo tu. Mimi nilisoma kule mpaka darasa la saba, kwa Kiswahili na Kiingereza, na nilikuwa mtoto wa kunyoosha mkono. Niliporudi Jinja nikafungua mdomo darasani kwa Kiswahili changu kile, darasa zima likasimama na kupiga saluti. "Afande Zena, tupige gwaride?" Kwao hiyo ilikuwa lugha ya watu wenye bunduki waliogonga milango ya baba zao. Babu yetu alikuwa mmoja wa watu hao. Nikajifunza kunyamaza. Nikawa mtu wa kujibu kwa kichwa.

Mahali pamoja tu nilikuwa na sauti. Unapajua, maana ulikuwepo: benchi la nje ya stoo ya Baba mdogo, siku anazoniita nimsomee. Yeye na spika zake nne, turubai na jenereta, akikodisha muziki kwa harusi na matanga, na Kiingereza hajui hata cha kuombea maji. Yule mhandisi mzungu wa kwenye bwawa alipohama alimwachia spika mbili na katoni zima la majarida yanayozungumza vyombo vya muziki tu, ukurasa baada ya ukurasa, kana kwamba duniani hakuna habari nyingine. "Haya mwalimu," anasema Baba mdogo, "wanasemaje?" Nami namsomea na kumgeuzia. Wewe uko chini unakunja waya, unajidai husikilizi. Kisha unauliza swali moja linalonifanya nirudi kuusoma ukurasa upya.

Unakumbuka ile safu ndogo ya nyuma? Wale watu walikuwa wakikosea, na mwezi unaofuata wanaandika: mwezi uliopita tulisema wati mia, samahani, ni wati sitini. Baba mdogo aliipenda safu ile kuliko picha. Alikuwa akinisimamisha. "Soma tena hapo waliposema samahani." Halafu anapiga paja. "Hawa ni watu wazima. Wamekubali mbele ya dunia." Ulikuwa ukienda kutafuta jarida la mwezi wa nyuma, unaliweka pembeni ya lile la masahihisho, kosa na sahihisho yakitazamana. Yote mawili yalikuwa bado pale. Hakuna aliyeweza kuyafuta.

Taabu ya majarida ilikuwa moja: yalikuwa mazee. Baba mdogo akienda Kampala kuulizia mashine niliyomsomea, wenye duka wanamwambia hiyo haitengenezwi tena, miaka mingi. Alirudi siku moja amechoka, akakaa kwenye benchi, akasema, "Zena, unanisomea maiti."

Ndipo lile duka la kupiga fotokopi pale mtaa mkubwa likaleta kompyuta yenye intaneti. Moja tu, imefunikwa kitambaa cha kufumwa kama redio ya bibi harusi. Yule dada Nakato ndiye aliyekuwa akiifungulia simu, inalia kama paka amebanwa na mlango, halafu unasubiri. Mara ya kwanza nilipopata jarida la vyombo vya muziki mle ndani, lisilo na karatasi, nilidhani nitalia. Lilikuwa limeandikwa wiki ile ile. Mashine iliyoko dukani Kampala leo, na watu wameshaifungua na kuipima. Na chini yake wasomaji wenyewe wameandika, huyu anasema yake imeungua, yule anamwambia hujui kutumia, wanatukanana kwa heshima. Majarida ya katoni yalikuwa na barua za wasomaji pia, lakini zile zilikuwa zimevaa suti. Hawa walikuwa wanazungumza kama watu wa stendi.

Baba mdogo alifurahi mpaka akavua kofia. "Sasa tunasoma walio hai," alisema.

Siku ya amplifaya ile unaijua nusu. Mfanyabiashara alikuwa amekuja nayo kwenye gari, anaelekea Tororo, na alitaka jibu kabla hajaondoka. Baba mdogo akaniandikia jina la mashine kiganjani kwa kalamu, nikakimbia kwa Nakato. Nikaupata ukurasa. Ulikuwa ukiteremka pole pole kutoka juu, mstari, unasubiri, mstari mwingine. Wakaisifu. Sauti safi, nguvu ya kutosha, haichemki haraka. Niliyaandika yote kwenye daftari. Kisha ukateremka mstari ulioanza hivi: Lakini tulipofungua

Na simu ikakatika.

"Laini imekufa, dada," Nakato akasema. "Rudi kesho."

Nilisimama pale nikiitazama ile "lakini". Ningeweza kwenda kumwambia Baba mdogo kwamba ukurasa umekatika, sijui kilichoandikwa chini. Ni sentensi fupi. Lakini nilipotoka nje Baba mdogo alikuwa ameshanifuata, amesimama na wanaume watatu, yule mfanyabiashara na wapakizi wake, na wote wakanigeukia kwa pamoja. Mmoja akasema, "Huyo ndiye afande wenu? Afande, toa ripoti." Wakacheka. Baba mdogo hakucheka. Alikuwa ananitazama kama watu wanavyomtazama daktari akitoka chumbani. Benchi lile ndilo lililonifanya niwe mtu, Saida. Nikaona nikisema sijui, nitarudi kuwa yule wa kujibu kwa kichwa.

Nikasema, "Wanasema ni imara. Haina kasoro."

Maneno hayo hayakuwepo popote. Niliyatunga mimi, kwa sauti ya kusoma.

Ilipoanza kuuma uliniambia wewe wa kwanza. "Zena, hii ukiligusa bati lake inatekenya." Baba mdogo akakwambia vaa kandambili, simama juu ya ubao. Mafundi wote wa muziki huku wanafanya hivyo, na Baba mdogo mwenyewe ana msemo wake, mashine isiyouma haina nguvu. Tukaucheka. Mimi nilicheka kwa sauti kuliko wote, kwa sababu ile "lakini" ilikuwa imeanza kunitembelea kila nikilala.

Alhamisi nikaenda kwa Nakato kupiga chapa barua ya shule, na nikamwomba anifungulie ukurasa ule. Siku hiyo simu ilikuwa na afya. Ukateremka wote. Lakini tulipofungua, wamesema, tulikuta waya wa moto umepitishwa juu ya ukingo wa bati wenye makali, na waya wa ardhi umekazwa kwa skrubu juu ya rangi, kwa hiyo haugusi chuma. Tunashauri msomaji asiitumie kabla fundi hajarekebisha mambo haya mawili.

Nilisoma mara tatu. Nikalipia, nikatoka, nikapita mbele ya stoo, na Baba mdogo alikuwa amepanda juu ya ngazi anafunga spika. Akaniambia, "Mwalimu, ile mashine uliyonichagulia, watu wa harusi wameisifia kabla hata hawajaisikia." Nikatabasamu. Nikasema moyoni, nitamwambia harusi ikipita. Akishapata sifa zake. Nikaenda nyumbani nikakukuta unajaribu kandambili mpya, kwa sababu za zamani zilikuwa zimetoboka, nikasema moyoni, ana kandambili.

Mvua ilinyesha asubuhi ya harusi. Kandambili ikanasa kwenye tope ukaiacha. Sikuona. Nilikuwa nimekaa upande wa wanawake. Nilisikia muziki unapiga ukelele mkali, nikakuona unainama kupunguza, halafu nikaona mkono wako umeganda pale na mwili wote unatikisika, na watu wa karibu wanadhani unacheza. Walipiga makofi, Saida. Mpaka mtu fulani akapiga teke jenereta, ikawa kimya, ukaanguka. Mdomo wako ulikuwa na damu na udongo. Nilipokufikia nilikuwa nimeshajua kitu kimoja, kwamba sitasema.

Baba mdogo alisema umeunganisha vibaya. Alisema kwa hofu, unajua akiogopa anavyokuwa mkali. "Nilisema mimi, mtoto wa kike asishike waya." Na wewe, kiganja kimefungwa kitambaa, swali lako la kwanza uliponifungulia macho lilikuwa, "Zena, nilichanganya waya gani?"

Umeniuliza hivyo mwezi baada ya mwezi. Nimeona daftari lako. Umechora uunganishaji wa siku ile mara nyingi kuliko sala, jenereta, amplifaya, spika, mishale ya rangi, unatafuta ulipokosea. Ukifika mwisho unachana, unaanza upya. Mchoro ule ni sahihi. Ulikuwa sahihi mara ya kwanza. Vidole vyako viwili visivyohisi moto wala baridi havikuharibiwa na ujinga wako.

Wiki moja baadaye nilirudi kwa Nakato. Nilitaka kuupiga chapa ule ukurasa, niuweke mbele ya Baba mdogo, labda karatasi ingesema badala yangu. Haukuwepo. Kulikuwa na mstari mmoja unaosema ukurasa uliouomba haupatikani. Nakato akajaribu tena na tena. "Wameutoa," akasema, "au wameuhamisha. Hawa hubadilisha kila siku." Nisikufiche kitu, mwanangu: niliposikia hivyo nilipata nafuu. Kama ingekuwa imeandikwa kwenye jarida la karatasi, lingekaa kwenye katoni hili likiningoja. Siku yoyote mtu angelifungua. Ungelifungua wewe. Lakini ukurasa ule ulikuwa umekwenda na ushahidi wangu, na duniani nikabaki mimi peke yangu ninayeujua.

Nimeishi na nafuu hiyo tangu wakati ule. Ni nafuu inayonuka.

Sitaki utoke hapa ukidhani jarida la kompyuta ndilo lililokuunguza. Ukweli ulikuwa mle, na lile la karatasi lisingeweza kunipa, maana mashine yenyewe ilikuwa haijazaliwa lilipopigwa chapa. Wao waliandika. Aliyeukata ukurasa mara ya kwanza ni simu, na mara ya pili ni mimi. Ila nimejifunza kulisoma kwa woga fulani: nikifungua ukurasa sasa, natafuta kwanza "lakini" iko wapi, na nikiiona nainakili kwa mkono kwenye daftari kabla haijakimbia. Na hata majarida ya katoni, niliyoyaamini kama msahafu, nimeyasoma upya kwa macho yako. Hakuna hata mmoja wa mabwana wale aliyepima mashine chini ya turubai, kwenye tope, kwa jenereta inayokohoa. Wanapima kwenye chumba chenye zulia, mtu mmoja amekaa na chai. Hawakukosea. Hawatujui tu. Ya kwetu lazima tuyapime wenyewe, na hapo ndipo unanizidi, wewe uliyesema inatekenya siku ya kwanza kabisa, tukakucheka.

Sasa linalonifanya niandike leo na si mwaka ujao.

Ile amplifaya inakwenda Mbale na wewe.

Sikujua mpaka leo adhuhuri. Mtoto hapelekwi kwa fundi mikono mitupu, unajua, na Baba mdogo amekuwa akiwaza atampelekea fundi wako mpya, Afande, zawadi gani. Kuku aliona ni kitu kidogo. Leo akaja na boksi limefungwa kamba, amelipangusa, akasema, "Hii. Atamfundisha kwa mashine ile ile iliyomshinda." Alisema kwa upendo. Anadhani anakurudishia heshima yako. Na huyo Afande wa Malukhu, pale Mbale, mzee aliyekuwa fundi wa redio za jeshi, alipoulizwa kama atachukua msichana alijibu kwenye simu, nimemsikia kwa masikio yangu, "Lete. Umeme haiangalii sketi." Mtu wa namna hiyo akipewa mashine hatangoja kesho. Ataichomeka jioni hiyo hiyo mbele yako, akwambie, haya, shika. Na wewe, ili uonyeshe kwamba huogopi, utashika.

Kwa hiyo sikiliza. Msiiwashe. Fungua kifuniko. Chini kushoto utaona waya wa kijani wenye mstari wa njano, umekazwa kwa skrubu. Itoe, kwangua rangi mpaka chuma king'ae, kisha kaza. Tafuta waya wa moto unaotoka nyuma, uone unapopita kwenye ukingo wa bati. Ubadilishe, uuvike mpira, uupitishe mbali. Mengine unayajua kuliko mimi. Nimeandika neno kwa neno kama ninavyokumbuka, na mahali nisipokumbuka sikuongeza kitu. Kama skrubu ni moja au mbili, sijui.

Umeona? Nimeliandika. Sijui. Lina herufi tano, na lilinigharimu vidole vyako. Afande atakuuliza waya huu wa nini, na ukiwa hujui mwambie hujui. Atapiga kelele. Mwache apige. Kelele za mzee hazijawahi kumtupa mtu matopeni.

Nilikuwa nimepanga hivi: barua hii niikunje, niiweke ndani ya lile jarida lenye samahani ya wati sitini, kwenye begi lako chini ya nguo. Uikute Malukhu siku utakayotaka kusoma, mimi nikiwa mbali, nisione uso wako. Hata begi nilishalifungua na kulifunga tena. Nimefika hapa ndipo nimeona nilichokuwa nafanya. Utafika Mbale mchana. Mashine itawashwa jioni. Barua ungeisoma lini? Nilikuwa naelekea kukupa tena nusu ya ukurasa, Saida, na nusu ya pili uikute umeshaanguka.

Naogopa. Naogopa utanitazama kama ulivyonitazama uliponifungulia macho siku ile, ila safari hii ukijua. Naogopa utaondoka kesho bila kugeuka nyuma. Baba mdogo naye atajua, na benchi litakuwa la mtu mwingine. Yote hayo nimeyapima, na hata yakiwekwa pamoja hayafikii ile picha ya mkono wako umeganda na watu wanapiga makofi.

Kuna kandambili uani. Ni zako, nazijua, ya kushoto inaburuta. Umewahi kurudi. Umesimama kwa Shangazi, anakwambia tena habari ya nyama za dirishani, na wewe unamwambia utanunua mbili, moja yake. Sasa umeuliza Zena yuko wapi.

Mto uko hapa. Majarida yako hapa. Unakuja. Naendelea kuandika ili mkono usipate nafasi ya kuificha karatasi. Ingia